Kutoka Siklidi Hadi Maji Chumvi: Tangi Linapokataa Kutulia

Nilifuga siklidi, samaki wa maji baridi (yaani yasiyo na chumvi), kwa miaka tisa kabla ya kugusa chumvi. Nilianza na mbuna wa Ziwa Nyasa, nikaenda kwa wale wadogo wa Tanganyika wanaotaga ndani ya makombe ya konokono, nikamalizia na oskari mmoja aliyekuwa akichukua chakula mkononi mwangu. Nilipohamia maji chumvi nilijiona mwalimu. Miezi minne ya kwanza nikatoa maiti nyingi tangini kuliko miaka yote tisa iliyotangulia.

Baadaye niliketi na daftari langu kuhesabu makosa. Karibu kila moja lilikuwa jambo ambalo kwenye tangi la siklidi ni sahihi kabisa. Jicho la mfugaji linahama vizuri: unajua samaki mgonjwa anavyobana mapezi, unajua mgomvi anavyopima mipaka kabla ya kushambulia. Tiba ndizo hazihami. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili, na kila dalili ijiulize hivi: ni zoea gani la maji baridi limenifikisha hapa?

## Kila kitu kimepoa na vipimo vinasema shwari

Samaki hawali vizuri, matumbawe yamejifunga, hakuna doa, hakuna jeraha. Usimtilie shaka samaki kwanza, kitilie shaka kipimo, na cha kwanza kiwe cha chumvi.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hiyo husomeka 1.026 kwenye haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi. Tangi la samaki peke yao huvumilia kushuka hadi 1.022 hivi, ukiweka matumbawe, kaa karibu na 1.026 na usitangetange.

Mimi nilinunua haidromita ya plastiki, ile yenye mkono unaopanda na kushuka ndani ya kikopo. Kila baada ya kupima niliiweka kando bila kuisuuza. Chumvi ikakaukia juu ya mkono, mkono ukawa mzito, ukawa unasoma chini ya ukweli. Kila wiki nikaona 1.022, kila wiki nikaongeza chumvi. Siku niliyoazima rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, tangi lilikuwa 1.031. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kiputo kimoja cha hewa kikinasa chini ya mkono kinaunyanyua, unasoma chumvi nyingi kuliko iliyomo. Gonga kikopo kwa ukucha hadi viputo vitoke, na suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila ukimaliza.

Rifraktomita ni bora, lakini isahihishe kwa kimiminika maalumu cha 35, usitegemee maji safi peke yake. Nyingi zimetengenezwa kwa kusoma chumvi ya kawaida, si mchanganyiko wa bahari. Zinaweza kuonyesha sifuri sawasawa kwenye maji safi, kisha zikakosea kule juu unakokuhitaji wewe.

Chanzo cha pili cha chumvi kupanda ni ndoo. Kwenye siklidi ndoo ya kubadilishia maji na ndoo ya kujazia ni moja. Hapa ni mbili, na hazichanganywi. Maji yakipotea kwa mvuke chumvi haiendi nayo, inabaki. Tangi lenye lita 200 kwenye 35 likipoteza lita 20, limefika karibu 39. Ukijaza pengo hilo kwa maji ya chumvi umeongeza chumvi juu ya chumvi. Bandika utepe mdogo kwenye kioo mahali maji yanapopaswa kufika, na kila siku jazia maji yasiyo na chumvi hadi pale. Usingoje wikendi. Panda-shuka ya kila wiki huwachosha viumbe kuliko namba yenyewe.

Jambo dogo kuhusu nitrati: chupa za kipimo hiki, hasa ya pili, huwa na unga unaotulia chini. Usipoitikisa kwa nguvu, dakika nzima na zaidi, utapata nitrati ndogo ya kukufurahisha. Nimewahi kusoma 5, nikatikisa chupa vizuri, nikapima tena maji yaleyale, nikasoma 40.

## Amonia haishuki na samaki wapya wanakufa wiki ya kwanza

Hili ndilo kosa la mjuzi. Anayeanza kutoka sifuri anaambiwa asubiri, naye anasubiri. Sisi wa siklidi tuna njia ya mkato tunayoijua: chukua sifongo lililokomaa, lililojaa bakteria wanaokula amonia, kutoka chujio la zamani, litie kwenye tangi jipya, weka samaki kesho yake. Kwenye maji baridi njia hiyo inafanya kazi vizuri sana.

Nilifanya hivyohivyo. Nilikamua nusu ya sifongo la mbuna ndani ya tangi jipya la chumvi, maji yakawa ya kahawia, nikasubiri yatulie, siku ya tatu nikaweka samaki wawili. Bakteria wale walikuwa wa maji baridi. Kuwatumbukiza ghafla kwenye chumvi ya 35 ni kuwaua au kuwalaza, na uchafu wao ukioza unakuwa chanzo kipya cha amonia. Nililileta tatizo mwenyewe nikidhani nimeleta dawa.

Ubaya unaongezwa na pH. Amonia majini iko katika sura mbili: ya sumu kali, na ile ambayo haina ukali huo. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia moja. Kwenye pH 8.2 ya bahari inazidi hapo mara kumi. Aliyefuga siklidi wa Amerika Kusini kwenye maji laini amezoea kuona amonia kidogo bila msiba. Hapa kiasi kilekile kinachoma matamvua. Wafugaji wa Tanganyika hawashangai, wamekuwa wakiishi na pH ya juu siku zote.

Ukikutwa katika hali hii, usiongeze samaki, punguza chakula, badilisha maji kwa wingi ukilinganisha chumvi na joto, na tia bakteria wa chupa waliokuzwa kwa maji chumvi. Kama bado hujaweka samaki, tumia mawe hai (ya baharini, yenye bakteria wake) au mawe makavu pamoja na chanzo cha amonia, kisha subiri hadi tangi liweze kumaliza miligramu 2 za amonia kwa lita ndani ya saa 24. Kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita. Hakuna haja ya kumtesa samaki wa majaribio.

Nitriti nayo inawatisha sana watu wa siklidi, na kwao wana haki. Kwenye maji chumvi mambo ni tofauti: kloraidi iliyojaa majini hushindana na nitriti kwenye matamvua, kwa hiyo kiwango ambacho kingeua siklidi mara nyingi hakimdhuru samaki wa bahari. Ukiona amonia sifuri na nitriti bado ipo, usitimue mbio na ndoo. Subiri. Jua pia kwamba nitriti nyingi hupotosha kipimo cha nitrati, ikaonekana juu kuliko ilivyo.

## Samaki anafika mzima, anakufa usiku huohuo

Zoea: kuuacha mfuko uelee juu ya maji, kuongeza kikombe kimojakimoja kwa saa mbili, polepole, kwa upole. Samaki aliyesafiri nusu saa hana shida na hilo. Aliyekaa mfukoni saa nyingi ni jambo jingine. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi yake hujaza kaboni dioksidi na pH hushuka. Hapo amonia aliyoitoa inabaki katika ile sura isiyo kali. Unapofungua mfuko kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na amonia yote iliyolala inaamka. Kisha wewe unamwacha humo saa mbili.

Muulize muuzaji chumvi yake ni kiasi gani kabla samaki hajasafirishwa. Wauzaji wengine huiweka chini makusudi. Andaa tangi la karantini kwenye kiwango hichohicho na joto hilohilo, fungua mfuko, mwinue samaki, mhamishe, maji ya mfuko yamwagwe. Chumvi ya karantini utaipandisha taratibu kwa siku kadhaa. Kushuka kwa chumvi samaki hukuvumilia kuliko kupanda.

Na karantini si anasa. Wiki nne za tangi tupu lenye bomba mbili za plastiki za kujifichia zingeniokolea karibu samaki wote niliowataja mwanzoni.

## Wote wanahema juujuu, hasa alfajiri

Pima amonia. Ikiwa sifuri, ni hewa. Kwenye nyuzi 25 maji baridi hushika karibu miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Ya bahari hushika karibu 6.7. Umeanza siku na pungufu ya moja ya tano. Ukiwa na mazoea ya uso wa maji uliotulia, kifuniko kilichobana, na pampu iliyoelekezwa chini ili takataka zisitue, usiku unakuwa mrefu kwa samaki.

Geuza pampu moja ya mkondo ielekee juu hadi uso wa maji ucheze. Wakitulia ndani ya saa moja, umepata jibu. Angalia pia kama kuna utando wa mafuta juu, na kama skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu la viputo, imezimwa usiku kwa sababu ya kelele. Hiyo skima ni pafu la tangi zima, isizimwe.

Lakini akihema mmoja tu, na wengine wako sawa, soma sehemu inayofuata kabla hujalala.

## Vidoa vyeupe

Hapa ndipo maarifa ya siklidi yanapoua watu, samahani, samaki. Kila mfugaji wa maji baridi anajua vidoa vyeupe: unapandisha joto, unatia chumvi kidogo, wiki mbili yamekwisha. Kimelea hicho ni Ichthyophthirius multifiliis. Cha baharini ni Cryptocaryon irritans. Vinafanana machoni tu, wala si ndugu wa karibu. Chumvi haimtishi mkazi wa bahari, na joto humharakisha tu katika mzunguko wake bila kumwua, huku likipunguza oksijeni ambayo tayari ni haba.

Utaona chembe kama za chumvi, unaweza kuzihesabu: kumi kwenye pezi, tano ubavuni. Samaki anajikuna kwenye mawe. Kisha, baada ya siku chache, chembe zinapotea zote. Nilisherehekea. Kumbe kimelea kilikuwa kimeshiba, kimedondoka, kimejifunga gamba juu ya mawe na mchanga, na humo ndani kinajigawanya. Wiki mbili hivi baadaye walirudi mara mia.

Dawa haitiwi kwenye tangi kubwa. Shaba, ambayo ndiyo tiba iliyozoeleka, huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe ya chokaa huinyonya. Hutajua kipimo chako kiko wapi, na tangi hilo hutaliamini tena kwa viumbe wasio na uti wa mgongo. Toa samaki wote, hata wale wanaoonekana wazima, uwapeleke kwenye karantini isiyo na mawe wala mchanga. Tia shaba ukifuata karatasi ya dawa yako, kwa kuwa aina za shaba zinatofautiana sana kiwango, na ipime kila siku. Chini ya kiwango haitibu, juu yake ni sumu. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Konokono na matumbawe wanabaki, kimelea hakiwezi kuwatumia.

Asiyetaka dawa ana njia ya kuhamisha: samaki anahamishiwa tangi jingine, lililosafishwa na kukaushwa kabla ya kujazwa maji, kila baada ya saa 72, mara nne, ili vimelea vilivyodondoka viachwe nyuma kabla havijapasuka. Kazi ni nyingi lakini samaki hapati sumu yoyote. Ipo pia njia ya kushusha chumvi hadi 1.009 kwa wiki kadhaa, kwa samaki peke yao. Hii inahitaji rifraktomita iliyosahihishwa. Ikipanda hadi 1.012 umepoteza kazi yote.

Sasa tofautisha. Ukiona vumbi badala ya chembe, kama unga wa sukari uliopepetwa juu ya samaki, huwezi kuhesabu, na samaki anahema kwa kasi au amesimama mbele ya pampu akiogelea dhidi ya mkondo, hiyo ni Amyloodinium, kimelea kingine. Hiyo huua ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi kabla vumbi lenyewe halijaonekana vizuri. Shaba inaitibu, lakini lazima uanze leo, si kesho ukirudi kazini.

Ukiona samaki klauni anavuliwa ute kama ngozi inayomenyeka, mabaka meupe, hali kabisa, hiyo ni Brooklynella, kimelea cha tatu. Shaba haisaidii. Tiba yake ni formalini, karantini, hewa nyingi, na mikono yenye glavu kwenye chumba chenye madirisha wazi.

Na kama kuna minyoo bapa kwenye ngozi au macho yenye ukungu, kuna kinyume kimoja kinachonifurahisha mpaka leo. Kule kwenye siklidi tulikuwa tukimtumbukiza mgonjwa kwenye maji ya chumvi. Huku tunamtumbukiza kwenye maji matamu. Maji yasiyo na klorini, joto na pH sawa na ya tangi, jiwe la hewa ndani, dakika tano, nawe usibanduke hapo. Minyoo hugeuka myeupe na kudondoka chini ya ndoo kama magamba madogo. Samaki akilala ubavu na asionyeshe dalili ya kuinuka, mtoe. Kuogesha huku hakutibu vidoa vyeupe, maana vile viko chini ya ngozi.

## Wanapigana, na mgeni ndiye anayeuawa

Mbuna tunawajaza. Ishirini kwenye lita 200, ili hasira igawanyike na asiwepo mmoja anayebeba kipigo chote. Inafanya kazi. Ukijaribu huku utazidisha uchafu kabla hujapunguza hasira. Kwenye lita 200 za chumvi mimi siendi zaidi ya samaki watano au sita wadogo, na anayetaka samaki kangaja (wengine humwita tang) na atafute tangi refu kwanza.

Siri iko katika mpangilio wa kuingia. Waoga waingie mwanzo, wababe mwisho. Mimi niliweka damseli watatu wa buluu wiki ya kwanza kwa kuwa ni wagumu na hawafi ovyo. Hawakufa kweli. Kila aliyekuja baada yao alijutia. Ilinishangaza kidogo kujua kwamba damseli na siklidi wana undugu katika ukoo wa samaki, lakini ukiwatazama vizuri unauona: wengi wao wana tundu moja la pua kila upande kama siklidi, wanabandika mayai juu ya jiwe, na dume anayalinda kwa kumng'ata hata mkono wako.

Tatizo likiwa limeshatokea, ile mbinu ya kupangua mawe ili mipaka ifutike inafanya kazi kiasi, ila mawe yakikaa nje ya maji muda mrefu unaua vilivyomo. Afadhali umkamate mbabe umweke kwenye kisanduku chenye matundu ndani ya tangi kwa wiki moja, mgeni azoee mahali kwa amani.

Dalili moja inayowadanganya watu: samaki klauni mdogo anatetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa. Si ugonjwa. Klauni wote huanza wakiwa madume, na aliye mkubwa hugeuka kuwa jike. Yule mdogo anasema tu kwamba amekubali. Ukinunua wawili, chagua mmoja mkubwa kidogo na mmoja mdogo, mazungumzo yaishe haraka.

## Maji meupe kama maziwa, au pH isiyopanda

Maji yakigeuka meupe mara baada ya kuchanganya chumvi, huenda ulimimina maji juu ya chumvi. Fanya kinyume: maji kwanza, pampu ikizunguka, chumvi kidogokidogo, uache izunguke saa kadhaa hadi usiku kucha. Unga mgumu uliobaki kwenye hita au chini ya pipa, udondoshee siki. Ukitoa povu ni kalisi iliyoganda, na hairudi tena majini kwa kukoroga.

Kuhusu pH: mtu wa Tanganyika akiona 7.8 mkono wake unaenda wenyewe kwenye kopo la magadi. Uzuie. Bahari iko kwenye 8.0 hadi 8.3 hivi, na sababu ya kawaida ya tangi kushuka ni hewa ya ndani ya nyumba yenye kaboni dioksidi nyingi. Chukua kikombe cha maji ya tangi, kipeleke nje, kipulizie hewa kwa saa moja, pima tena. Ikipanda, fungua dirisha au peleka mrija wa hewa wa skima nje. Ukiendelea kumimina magadi, alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) itapanda kupita kiasi na kuivuta kalisi iganda, nawe utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Alkaliniti ikae kati ya 7 na 11 kwa kipimo cha dKH, na isiyumbe.

## Rangi zinazoota

Vumbi la kahawia kwenye mchanga wiki za mwanzo ni diatomu. Hula silika, na maji ya bomba huwa nayo. Litapita lenyewe, lisipopita, angalia maji ya mtambo wako wa RO, ule wa kuchuja maji ya bomba, kama bado yanasoma sifuri kwenye kipimo cha vitu vilivyoyeyuka.

Blanketi jekundu au la zambarau linalobanduka kama karatasi ni bakteria, si mwani. Linapenda pembe ambako maji yamelala. Linyonye kwa mrija, sogeza pampu, punguza chakula. Siklidi walikufundisha kulisha mara mbili kwa ukarimu. Samaki watano wadogo hawahitaji hivyo.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo, inayofifia usiku na kurudi mchana, ni dinoflajelata. Hii hupenda maji safi mno. Mara nyingi hutokea mtu akipambana na nitrati na fosfati hadi sifuri, akijisifu. Acha kubadilisha maji kwa muda, acha namba zipande kidogo. Najua inauma, mtu aliyetoka kwenye siklidi amefundishwa kwamba maji mapya ni dawa ya kila kitu. Hapa siyo.

## Skima inafurika, au haitoi kitu

Mpya hufurika siku kadhaa hadi sehemu zake za plastiki zishike utando. Baada ya hapo ikifurika ghafla, uliza nani ametia mkono wenye mafuta au losheni, au kama maji ya sampu, lile tangi dogo la vifaa chini ya tangi kuu, yamepanda. Isipotoa kitu kabisa, huenda tangi bado lina samaki wachache mno. Na usijaribu kuihamishia kwenye tangi la mbuna lililobaki: viputo vya maji baridi huungana na kuwa vikubwa, povu halisimami.

## Samaki ametoweka

Kabla ya kulaumu kaa, chunguza sakafu nyuma ya meza, ndani ya sampu, ndani ya mfuniko wa chujio. Wengi wa bahari huruka, na wavu wa matundu madogo juu ya tangi ni bora kuliko kioo kwa kuwa hewa inapita. Ukikosa mzoga, pima amonia kwa siku tatu mfululizo. Kwenye tangi dogo maiti itajitaja yenyewe, isipokuwa kamba na minyoo wameshaimaliza.

Nilipoteza hivyo samaki mmoja wa manjano wa jenasi ya Halichoeres, siku ya pili tu tangu nimweke. Nilisogeza meza, nikamulika tochi kila pembe, nikapima amonia, sifuri. Nikaandika daftarini "ameliwa". Siku ya nne, nikiwa natia chakula asubuhi, mchanga ukatikisika mbele ya kioo na akachomoza kichwa, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeamshwa na kelele, kisha akaja kula. Jamii yake hulala humo mchangani kila usiku, na wakishtuka hukaa siku kadhaa. Nilifuta lile neno daftarini.